Chama cha Koko Abaki

Jumatatu, 6 Oktoba

Papa amesema akiwa bado na viatu vya kazini: Koko hawezi kuendelea kukaa peke yake mchana. Mara mbili mwezi huu ameacha jiko likiwaka. Papa anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi, na mchana amelala kama gunia. Mama anatunza wazee wa watu wengine mpaka jioni. Sisi tuko shule. Basi Jumapili familia itaongea kwa simu, na Koko, mama yake Papa, ama atabaki hapa Louisville, ama atakwenda Columbus kwa Papa Mukubwa Polycarpe, ama Buffalo kwa Tante Caritas, dada yake Papa.

Koko analala kitanda cha pili chumbani mwangu tangu nikiwa na miaka saba. Sasa nina kumi na sita. Sijawahi kujifunza kusinzia bila kumsikia akisali.

Kwenye kikao cha familia watoto hawasemi. Hata ningeruhusiwa, nisingeweza. Mimi ndiye niliyekaa nyuma ya darasa wiki mbili nzima kwa sababu niliona haya kumwambia mwalimu kwamba jina langu si Josephine.

Lakini! Tunasoma vyama vya siasa. Katiba ya Amerika haivitaji popote, na bado bila vyama hakuna kinachokwenda. Vyama ndivyo vinavyotafuta wagombea, vinavyoandika ilani, vinavyoweka upande mmoja watu wasiopendana. Msichana mmoja mwenye haya si kitu. Chama ni kitu.

Nimeanzisha chama. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Bisimwa, mdogo wangu wa miaka tisa, hajui kukisoma.

Jumanne, 7 Oktoba

Muundo umekamilika. Kamati ya kata: chumba changu. Kamati ya kaunti: nyumba yote. Kamati ya jimbo: Kentucky. Kamati ya taifa: Kentucky, Ohio na New York. Mwenyekiti wa zote: mimi, kwa sasa.

Bisimwa nimemteua mnadhimu, yule anayehakikisha wanachama wanapiga kura inavyotakiwa. Aliuliza kama anaruhusiwa kupiga watu. Nikasema hapana. Shauku yake ilishuka.

Nilimwandikia Papa barua ya kurasa tatu kwamba jambo la Koko liamuliwe kwa kura. Aliisoma mezani, akampigia Papa Mukubwa, wakacheka muda mrefu. Papa Mukubwa akasema, "Muache mutoto atuonyeshe Amerika."

Ushindi wa kwanza!

Koko aliniomba nimsindikize Iroquois Park, majani yameanza kuwa mekundu. Nikamwambia niko kwenye kamati. Akauliza kamati ni mutoto wa nani.

Jumatano, 8 Oktoba

Chama kisicho na mpinzani ni klabu tu. Kwa hiyo nimempigia simu Liberati, mtoto wa Papa Mukubwa, nikamwomba aanzishe chama cha pili cha kumpeleka Koko Columbus. Saa nzima nilimweleza mchujo, ile kura ya awali ya chama, ni nini, wajumbe ni nani, Mkutano Mkuu wa Jumapili unavyokwenda. Liberati ni kapteni wa timu ya mpira na anaongea na wageni bila kutokwa jasho. Alinisikiliza kwa adabu sana. Mwishoni akauliza swali moja tu: wajumbe wanahesabiwaje?

Nikamwambia: kila kura mbili za mchujo, mjumbe mmoja.

Akanishukuru. Nadhani nimemchanganya kabisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo saa kumi na mbili jioni daftari la wanachama limefungwa. Kentucky mchujo umefungwa: anayepiga kura ni yule tu aliyejiandikisha na chama mapema. Sheria ni sheria.

Papa alikuwa amelala. Mama alisema asubuhi atatia sahihi akirudi. Akarudi saa mbili usiku, mzee wake mmoja alikuwa ameanguka. Alichukua kalamu akiwa bado na koti. Nikamwonyesha saa. Alinitazama, akaweka kalamu chini, akaenda kupasha chakula.

Sikufurahi. Lakini chama kinachovunja sheria zake kitaaminiwa na nani?

Koko alitaka nimsuke. Anasema ana neno la kuniambia huku namsuka. Nimemwahidi baada ya Mkutano Mkuu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika kwa ufupi.

Matokeo ya mchujo, Louisville: kura mbili, yangu na ya Bisimwa. Mjumbe mmoja.

Matokeo ya mchujo, Columbus: kura thelathini na nane. Kwao Ohio mtu anafika siku yenyewe na kuchagua karatasi ya chama anachotaka. Liberati alisimama mlangoni baada ya ibada. Kwaya yote ilipiga kura. Mchungaji alipiga kura. Wajumbe kumi na tisa.

Buffalo: Tante Caritas peke yake. Kura yake ingekuwa nusu mjumbe. Alikuwa hajapiga hata hiyo kura.

Papa Mukubwa hakucheka tena. Aliuliza taratibu kwa nini Papa na Mama hawamo. Nikasema daftari lilifungwa Ijumaa. Mama alikuwa amekaa karibu yangu kwenye kochi. Alivuta kitambaa chake mabegani.

Kisha Tante Caritas akauliza, "Na mama? Nani alimuuliza mama?"

Nilieleza kwamba Koko hayumo kwenye daftari lolote kwa sababu yeye ndiye kiti kinachogombewa. Kiti hakipigi kura.

Koko akanyoosha mkono, Papa akampa simu. Akasema, "Caritas, mangaribi unakulaka na nani?"

Tante Caritas alifiwa na mume mwezi wa tatu. Anashona nguo za watu nyumbani kwake mtaani Black Rock, yuko hapo mchana kutwa, karibu na jiko lake mwenyewe. Hakuna aliyeandika hilo kwenye ilani yoyote. Tulisikia tu akivuta kamasi.

"Bon," Koko akasema. "Nitakuja tukule."

Papa Mukubwa akasema mama ameamua, tuombe. Tukaomba.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tante Caritas alifika jana kwa gari. Leo wameondoka saa tatu asubuhi.

Koko alivaa koti langu la baridi, lake halitoshi kwa Buffalo. Hakuwa amesukwa. Wiki nzima niliogopa kubaki naye peke yangu, nikawa nasoma maktaba mpaka inafungwa. Mlangoni alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Adolphine, uko na kichwa kizuri." Nilingoja aendelee. Hakuendelea.

Kitanda chake Mama amekitandika vizuri, kama cha hoteli. Nimelala chini.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimetulia na kufikiri. Chama kikishindwa Amerika hakilii. Kinaunda kamati na kuandika ripoti.

Ripoti yangu ina kurasa kumi na moja. Hitimisho: chama hakikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa udhaifu wa kata, na kukosa tawi imara New York. Huko nako mchujo umefungwa, kwa hiyo Koko lazima aandikishwe mapema, safari hii kama mwanachama kamili. Nimetengeneza fomu ya kurasa nne, itakwenda kwa posta. Ibara ya tisa inamtaka aeleze kwa maandishi kwa nini anataka kurudi. Uchaguzi utakuwa Pasaka.

Koko anapiga simu kila jioni saa kumi na moja na kuniulizia. Sasa hivi Mama amesimama mlangoni, ameshika simu, anasema Koko ananingoja, bado ana lile neno.

Niko katikati ya ibara ya kumi na mbili. Nimemwomba Bisimwa amwambie niko kwenye kamati.