Pipa la Kumi na Mbili

Jumatatu, 19 Machi 1979

Barua imefika kutoka mkoani. Mapipa yote ya dawa ya josho la ng'ombe yatobolewe, yapondwe, yazikwe futi sita chini na kumwagiwa chokaa. Bwana Muriithi, Afisa wa Afya wa Baraza, alinisomea mara mbili, polepole. Akasema mapipa ni kumi na mawili, na Jumatatu ijayo atasimama kando ya shimo ayahesabu mwenyewe.

Mapipa ni kumi na moja. Mimi ndiye msimamizi wa jaa la taka, na ni mimi peke yangu ninayejua la kumi na mbili liko wapi. Liko Giakanja, kwa mama mkwe.

Nieleze vizuri. Desemba nilipopeleka mahari ya mchumba wangu Gathoni, mama yake alitaka pipa la kukingia maji ya mvua. Wengine hukimbilia dukani. Mimi nilitumia akili. Nililisugua kwa mchanga, nikapaka rangi ya buluu juu ya lile fuvu la kichwa la alama ya sumu, ndani nikasuuza mara moja. Wazee walilipigapiga kwa bakora wakasema hiki ndicho chuma. Mama Gathoni aliimba. Sijawahi kuheshimiwa vile maishani.

Sasa barua inasema dawa hiyo haitoki kwenye chuma hata uoshe vipi. Bahati nzuri ni kiangazi na pipa ni tupu. Lakini leo jioni Mlima ulifunikwa wote na mawingu ya mvua. Mvua ikinyesha kabla sijalitoa, watakunywa sumu. Nikisema ukweli, nakosa kazi na mke kwa siku moja. Basi ukweli upumzike. Pipa litatoka kwa akili, kama lilivyoingia.

Jumanne, 20 Machi

Nilituma neno kwa Mzee Wamae, amu yake Gathoni. Nikaomba pipa kwa siku mbili tu, nilitie mfereji wa kisasa wa kufungulia maji. Jibu lilifika kabla ya saa kumi. Kitu cha mahari hakirudi kwa mkwe, isipokuwa mkwe amebadili nia. Wazee wanauliza kama nimepata msichana mwingine.

Nimeandika barua tatu za kukana. Ya tatu nimeifunga na paketi ya majani ya chai.

Jumatano, 21 Machi

Gathoni alikuja ofisini, akakataa kiti. Akasema kama simtaki niseme, yeye ana cheti cha taipu na Nanyuki wanatafuta watu. Niliapa kwa kila kitu kilichokuwa mezani. Akapoa kidogo, akanipa habari za nyumbani. Mama ameosha pipa kwa majivu, tayari kwa mvua. Kuku wake mwekundu alikunywa yale maji ya kuoshea akaanguka palepale. Wanadhani ni ugonjwa wa kideri.

Nikauliza kama walimla. Akasema hapana, walimpa mbwa. Sikuuliza habari za mbwa.

Nampenda Gathoni. Na yule mama nampenda pia, ingawa mpaka leo huniita yule wa takataka.

Ijumaa, 23 Machi

Leo nilitoa mpango mkubwa. Mburugu, dereva wa trekta ya taka, mtu wa kutoka Meru, amekitamani cheo changu tangu siku aliyoandikwa kazi. Lakini kule Giakanja hawamjui. Nikamvika kofia yangu ya Baraza, nikampa muhuri, nikamtuma kama mkaguzi wa vyombo vya maji. Kazi yake ilikuwa moja: alione pipa, alikute na kosa, alibebe. Sababu sikumwambia. Mtu mwenye akili hagawi siri.

Alirudi saa tisa akiwa na nusu gunia la parachichi. Pipa hakuna. Akasema alipewa chai, na chapati, kisha chapati tena. "Sasa mama kama huyo nitamtafutia makosa gani, Bwana Kingori? Hiyo pipa iko sawa kabisa. Ameosha mpaka inang'aa."

Tena akaacha karatasi yenye muhuri wa Baraza: PIPA HILI LIMEKAGULIWA. NI SAFI KWA MAJI YA KUNYWA. Sahihi ameweka ya jina langu, kwa sababu ndilo lililoandikwa ndani ya kofia.

Jumapili, 25 Machi

Jana mvua ilianza adhuhuri na haikupumzika. Leo nilingoja saa ya ibada, wote wakiwa kanisani, nikapanda baiskeli hadi Giakanja na patasi mfukoni. Mpango: kumwaga maji, kutoboa pipa, kusingizia kutu.

Boma lilikuwa kimya. Pipa limejaa mpaka mdomoni. Nililisukuma kwa bega likaanguka, maji yote yakaingia kwenye sukuma wiki ya mama mkwe. Nikatoboa tundu la kwanza. Ndipo nikaona moshi ukitoka jikoni. Mama Gathoni hakwenda kanisani. Mgongo ulimkataza. Na moshi saa hiyo ni wa chai.

Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata mtoto wa nasari anajua. Mimi niliingia. Alikuwa kwenye kigoda, kikombe mkononi, anapuliza chai ipoe. Nilikipiga kikombe kikaruka mpaka kwenye kuni. Sufuria niliipiga teke.

Alinitazama, akatazama patasi, akauliza kwa sauti ndogo kama nimekuja kumuua. Nikasema maji yana sumu. Akasema hayawezi, yana karatasi ya serikali, na sahihi ni yangu. Akaitoa ndani ya Biblia akanionyesha.

Hapo akili iliniishia. Nilipiga magoti kwenye majivu nikasema yote, josho, fuvu, rangi ya buluu, kuku, mbwa. Nililia pia. Nimeliandika hilo kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Niliuliza mara tano kama alikuwa ameonja. Mara tano akasema bado, ilikuwa ya moto, na hayo ndiyo maji ya kwanza kutekwa pipani.

Jumatatu, 26 Machi

Mapipa kumi na mawili yamezikwa. Mburugu alilifuata la mwisho kwa trekta, Giakanja nzima ikitazama. Alibeba pia sukuma wiki yote na udongo wake futi moja kwenda chini. Alivaa kofia yangu. Bwana Muriithi, aliyekwisha kuambiwa yote, amemwambia abaki nayo, pamoja na cheo changu. Mimi nimepewa koleo na kiti mlangoni pa jaa, nipokee taka.

Wazee wamenitoza mbuzi wa kutakasa jiko, na pipa jipya, la dukani, lenye risiti. Gathoni hanisemeshi, lakini Nanyuki hajaenda. Aliyenitetea ni mama yake. Aliwaambia wazee kwamba mwanamume aliyevunja mwiko ili yeye asinywe kile kikombe, huyo ni mtoto wake. Arusi ni Agosti.

Nimeapa mbele yao wote: kitu chochote cha jaani hakitafika tena nyumbani kwa mtu. Niliapa kwa moyo wangu wote. Nimekuwa mtu mpya.

Ijumaa, 6 Aprili

Leo hospitali imeleta mzigo wake. Ndani yake kuna godoro la sponji, nene, halina hata doa. Lina kibandiko chekundu: limetoka wadi ya wagonjwa waliotengwa, lichomwe leo hii.

Nimelitazama asubuhi nzima. Nimelinusa. Linanuka sabuni tu. Gathoni, ambaye sasa hunisemesha kidogo, anasema mgongo wa mama haujapata nafuu. Analalia gunia la majani makavu. Mama aliyenitetea vile!

Kiapo nakikumbuka neno kwa neno. Nilisema kitu cha jaani. Godoro hili liko mlangoni, halijaingia jaani. Kibandiko kimebanduka bila shida. Nimelishonea kitambaa cha maua ya buluu, na limependeza kuliko la dukani.

Kesho Mburugu anapita Giakanja na trekta. Nitamwomba alipeleke, na kwa kuwa muhuri bado anao, alibandikie karatasi.