Mbuzi ya Shemeji Eufrazia na Hatari Yake kwa Uchumi

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wenzako wote hapo chumba cha habari. Mie ni muuza mbao wa Chanika, na kwa heshima zote namlalamikia shemeji yangu Eufrazia, mke wa kaka yangu Albano, anayehujumu uchumi wa nchi mchana kweupe.

Eufrazia aliumwa sana mgongo baada ya kujifungua, hata kukuna nazi kukawa adhabu. Akachora kwa mkaa sakafuni mbuzi yenye egemeo, yenye sinia la kukingia nazi inayokunwa, na inayokunjwa ukaibeba kama mkoba. Albano, ambaye ni mchongaji, akachonga na kukosea, akachonga tena, mpaka mkewe akaegemea na kutabasamu. Akina mama wa Chanika wakaanza kuzigombea.

Ndipo akaja mgeni kutoka ng'ambo. Tukampikia wali wa nazi. Akaikalia ile mbuzi, akaipima kwa futi, akaipiga picha hadi uvunguni. Akauliza kupitia mkalimani, "Nani kaibuni?"

"Mie," akajibu Eufrazia, "kwa ajili ya mgongo wangu."

Mgeni akampa mkono, akaenda zake.

Mwaka uliofuata Eufrazia alipeleka mbuzi zake duka kubwa la mjini. Meneja akamwambia, "Mama, umbo hili lina mwenyewe. Kuna mgeni kapewa hataza, yaani haki ya kumiliki sura yake. Ukiuza wewe, unamuiga." Shemeji alirudi nazo hadi kituoni Buguruni, akaketi juu ya mojawapo, akalia mbele za watu.

Mie pia niliumia, mpaka nilipohudhuria semina ya wajasiriamali. Mtaalamu mmoja mwenye suti alituambia, "Hataza za maumbo wanazopewa wageni ni kipimo cha uchumi. Zikipanda, jueni na sisi tumepanda." Tulipiga makofi. Nikakimbia kumpongeza shemeji. Alinirushia kifuu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Eufrazia hana shukrani. Mgongo wake umeingia kwenye takwimu za taifa, naye bado analia.

2. Wageni hawagawanywi kwa haki. Chanika nzima tumepata mmoja tu, wakati akina mama wetu wana majiko, vigoda na mifuniko ya kila namna ambayo haijachukuliwa na mtu. Naomba kila mtaa upangiwe mgeni wake, mwenye kamera na futi. Chakula tutatoa sisi.

3. Hili ndilo zito. Shemeji alikusanya picha za kichenpati ya jirani yetu Naima, ambamo bibi harusi anatunzwa mbuzi ileile, kabla mgeni hajakanyaga Chanika. Akaenda nazo ofisi inayosajili hataza, akifuatana na akina mama waliobeba mbuzi zao kichwani. Nilimsihi kaka amzuie mkewe. Akanijibu, "Romani, we kauze mbao." Basi walisikilizwa, na wiki iliyopita hataza ya mgeni imefutwa! Akina mama walirudi wakipiga vigelegele kutoka Buguruni hadi nyumbani. Mhariri, hataza moja ya mgeni imepungua, maana yake uchumi umeshuka, na watu wanashangilia. Eufrazia mwenyewe alicheza hadi akasahau mgongo.

4. Kwa kuwa chanzo cha madhara haya ni raia kufikiri bila usimamizi, naomba itungwe sheria: mwananchi akipatwa na wazo, asikae nalo zaidi ya siku moja, awe amelikabidhi kwa mgeni aliye karibu. Wakazi wa kule Wazo waangaliwe kwa makini zaidi, maana jina lenyewe linawatia mashakani.

Nisalimie wahariri wenzako, wachapaji, wauza magazeti, na yule mtaalamu mwenye suti ukikutana naye.

Ni mimi, mpenda maendeleo wa kweli,
Romani, Chanika.

N.B. Nakuomba sana usichapishe jina langu wala mtaa. Juzi ameonekana mgeni mwingine hapa kwetu akiwa na kamera, na mie nimebuni toroli la mbao linalopanda ngazi. Nimelifunika turubai na kulilalia. Jumatatu shemeji ananisindikiza kulisajili.