Kiatu cha Kushoto Jinja, cha Kulia Mbale

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Jinja.

"Kiatu cha mlimani ni kiatu chochote kinachobaki mguuni." Ndivyo alivyosema Nicanor Wasike leo jioni katika klabu yetu ya riadha, mbele ya wanachama wote, huku akitafuna muhogo. Dereva wa lori! Mtu anayefanya kazi ameketi! Nimemjibu papo hapo. Nimemwambia kwa hoja hiyo hata ndoo ni kiatu, mradi mguu ukwame ndani. Watu wakacheka. Wasike naye akacheka, jambo lililoniudhi kuliko hoja yenyewe.

Nikaendelea. Nimesoma vitabu viwili juu ya Waingereza wanaokimbia kwenye vilima vya kwao, katikati ya mvua na kondoo. Mlima unataka soli yenye meno. Unataka kisigino kifupi. Unataka nafasi mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba. Hiyo ni sayansi. Wasike anakimbia na viatu vya tairi la gari, amevifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nimemwita adui wa maendeleo.

Akauliza, kwa upole wake ule wa kuchokoza, kama Mwalimu, yaani mimi, yuko tayari kuyathibitisha hayo Jumamosi, kwenye mbio za mlima Mbale. Kutoka mjini hadi juu Wanale na kurudi. Nikasema niko tayari tangu nizaliwe. Tukawekeana sharti. Atakayetanguliwa na mwenzake atakaa kimya katika mikutano ya klabu mwaka mzima. Hata kukohoa kwa maana ni marufuku.

Mwaka mzima! Kwa Wasike si kitu, yeye huzungumza na injini. Lakini mimi? Bunge halipo. Gazeti halichapishi barua zangu tena, na rafiki zangu wanasema nishukuru. Pale shuleni walimu wenzangu wameacha kubishana hata juu ya urefu wa mito. Kimebaki chumba kile cha klabu, na mada moja ambayo bado haijamfanya mtu aingizwe na askari kwenye buti la gari: viatu. Siwezi kuipoteza!

Santa, mke wangu, ameuliza kwa nini shajara naiandika kwa Kiswahili ilhali nyumbani tunasema Lusoga. Nimemwambia hapa Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi, nami sikubali kuwaachia askari lugha nzima.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimekipata! Dukani kwa Sulait, dirishani, kimekaa peke yake kama bibi harusi. Soli ina meno mapana ya mpira. Kisigino kifupi. Ngozi laini, ulimi mnene. Kama kilichorwa kutoka kwenye vitabu vyangu! Nikaomba kukijaribu. Kushoto safi. Nikanyoosha mguu wa kulia nisubiri mwenzake.

Sulait akasema mwenzake yuko Mbale.

Nikadhani ni mzaha. Si mzaha. Mwenye duka wa zamani, Mhindi, alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, duka walipewa Sulait na shemeji yake Masaba kwa pamoja. Hawakuaminiana. Kila mmoja aliogopa mwenzake atachukua maboksi yenye vitu vizuri. Basi wakafungua kila boksi, wakagawana kimoja kimoja, haki kabisa. Sulait akachukua vya kushoto. Masaba akapakia vya kulia, akafungua duka lake Nabuyonga, huko Mbale. Nikauliza kama hawakuona tatizo. Akasema waliliona jioni ile ile. Lakini kila mmoja anasubiri mwenzake aje kuomba msamaha kwanza.

Tangu wakati ule! Watu wazima wawili, wamekalia viatu visivyovalika, kwa kiburi tu! Nimesikitika sana kwa ajili yao. Watu wa namna hiyo hawafundishiki.

Nimekinunua. Ni kikubwa kidogo. Kikubwa sana, kusema kweli. Lakini hiyo ni nafasi ya kuvimba! Nimejaza gazeti kisigino na mbele. Kimekaa barabara.

Alhamisi, 8 Agosti.

Mazoezi kwenye barabara ya Kimaka. Kushoto, kiatu cha mlimani. Kulia, buti la mpira la Santa analolimia. Kasi ya ajabu, ingawa nilikuwa nazunguka kidogo kuelekea kulia. Askari wawili walisimama kunitazama. Sikuwatazama. Wakaniacha, nadhani kwa huruma.

Santa anadai buti lake lirudi kabla ya mvua. Nimeazima njumu moja ya mpira wa miguu kwa jirani, ya kulia, kwa tahadhari tu. Kesho Mbale. Kwa Masaba nitaingia asubuhi na mguu mmoja, nitatoka na miwili!

Ijumaa, 9 Agosti. Mbale.

Siku mbaya. Basi halina mafuta. Nimelazimika kupanda lori la Wasike. Njia nzima nimemweleza makosa yake, na yeye njia nzima anaitikia: ndiyo Mwalimu, ehe Mwalimu, shika dirisha Mwalimu, kuna shimo.

Karibu na Tororo, kizuizi. Askari akataka kuona mfuko wangu. Akatoa njumu. Akauliza, hii chuma ya nini? Nikaanza kumfafanulia kazi ya meno ya soli kwenye udongo laini. Wasike akanikanyaga. Askari akatoa kiatu changu, akaingiza mkono, akavuta gazeti. Akalikunjua.

Picha! Ukurasa wa mbele! Mkubwa wa nchi mwenyewe, nishani zote kifuani, na alama ya kisigino changu katikati ya uso!

Askari akauliza kwa sauti ya chini sana: mzee, hii unaweka wapi? Mimi, niliyemjibu askofu mbele ya waumini wake, nikainama kufunga kamba za viatu.

Wasike akacheka. Akashuka, akamshika askari mkono kama ndugu. Afande, akasema, huyu mwalimu wangu ana kichwa kibovu, anasoma mpaka viatuni. Aliona picha nzuri akaogopa itanyeshewa, akaificha. Tazama, hata si mzima, kiatu chenyewe ni kimoja! Askari akatazama ndani ya mfuko. Akatafuta cha kulia. Akacheka mpaka bunduki ikatikisika bega lake. Gazeti akalichukua, akalipangusa kwa mkono wa shati. Akatuambia, potea.

Tukapotea. Kisha nikamweleza Wasike kwamba utetezi wake ulikuwa dhaifu, kwa sababu ulikubali dai la kwamba nina kasoro ya kichwa. Akasema ndiyo, Mwalimu. Mara mbili akakosea gia.

Hasara kubwa: gazeti langu la kisigino limekwenda.

Na Masaba! Mtu wa ajabu! Cha kulia anacho, nimekiona kwa macho yangu, juu ya kabati. Nikamwonyesha changu. Akakitambua, akakasirika. Akasema kiatu cha Sulait hakitaoana na chake mpaka Sulait aje mwenyewe. Nikamhutubia juu ya upumbavu wa kiburi. Akanitoa nje.

Tumefikia Namatala kwa shangazi yake Wasike, mama Nanyama. Sithubutu kugusa gazeti jingine. Mama amenipa majani makavu ya mgomba. Nimejaza. Laini kuliko gazeti! Kesho nashinda!

Jumamosi, 10 Agosti.

Alfajiri Wasike amekuja na kitu ndani ya kitambaa. Kiatu cha kulia! Amekipataje? Anasema alimwomba Masaba, basi. Aliingia, akamsalimu, akauliza habari za watoto, akaomba. Akaninyooshea: vaa, Mwalimu, tushindane vizuri.

Nani anampa mpinzani silaha? Nimekipekua. Nimekinusa. Sikuona hila, na hapo ndipo nilipojua hila yenyewe ni kubwa. Nimekataa! Nimevaa njumu.

Mbio zimeanza vizuri sana. Nilikuwa mbele ya Wasike mpaka sokoni! Kisha tukaingia njia za kupanda, na nikasikia ngoma. Vigelegele. Umati! Kina mama, wazee, vijana wenye njuga mapajani. Nikajua habari zangu zimenitangulia. Nikapunga mkono. Nikainua kiatu wakione.

Nilikuwa nimesahau. Mwaka huu ni mwaka wa tohara kwa Wamasaba, wenyeji wa mlima huu. Vijiji vizima viko njiani vikiwasindikiza vijana wanaokwenda kukatwa. Na hapa anakuja mzee mwenye kaptura, anahema, ametoa macho, amepakaa tope mpaka usoni. Mama mmoja akapaza sauti: huyu alikwepa kisu mwaka gani? Wakaangua kicheko. Mwingine akanililia, baba, usikimbie, ni dakika moja tu! Vijana wakanizunguka wakiruka na njuga zao, wananipisha na kunizuia kwa pamoja.

Sisi Wasoga Wakristo hatuna desturi hiyo. Nilitaka kuwaeleza kwa utaratibu. Miguu haikungoja! Nikapenya, nikaruka pembeni, nikatua pale ambapo wachezaji wote wa asubuhi walikuwa wamepondaponda udongo ukawa uji. Njumu ikashika vizuri. Kiatu cha mlimani nacho kikashika vizuri, meno yote, mpaka chini. Majani ya mgomba yalikuwa yameloa, yanateleza kama bamia. Mguu ukatoka. Kiatu kikabaki Wanale.

Nyuma yangu nikamwona Wasike. Mbukusu huyu, desturi yao ni moja na ya wenyeji. Anacheza nao hatua mbili, anapigiwa vigelegele, anapita. Viatu vya tairi vinalia chwa, chwa, chwa. Vimebaki mguuni.

Nimemaliza. Mguu mmoja mtupu, mmoja wa njumu, nikitembea kama meza mbovu. Wasike alikuwa amekaa kwenye nyasi, amekwisha oga. Karibu naye kiatu changu cha kushoto. Alikichomoa wakati wa kushuka, akakiosha mtoni. Akakiweka kando ya kile cha kulia. Akasema, haya Mwalimu, jozi.

Nilifungua mdomo. Akaweka kidole midomoni mwake. Sharti ni sharti.

Jumatano, 14 Agosti. Jinja.

Mkutano wa kwanza wa ukimya wangu. Nimekaa kiti cha mwisho. Mtu mmoja akasema Kilimanjaro iko Kenya. Nikauma ulimi. Mwingine akasema soksi hazina maana kwa mkimbiaji. Nikauma tena. Mkutano ukaisha mapema, watu wakabaki wamekaa, wanatazama dirisha. Lori la jeshi likapita barabarani. Sote tukalisikiliza mpaka mlio wake ukaisha.

Wasike akasimama. Akasema anamwomba Mwalimu Bogere afunguliwe. Akasema nje kuna ukimya wa kutosha, hakuna haja ya kuuingiza humu. Mikono yote ikainuka. Wote! Hata yule wa soksi!

Nikasimama. Nikakohoa, kwa maana. Kisha nikawaambia kwamba mbio za Jumamosi hazikuthibitisha chochote, kwa kuwa jozi haikujaribiwa! Kwamba Wasike hakushinda, alibaki na viatu tu! Kwamba hoja yake ni ya ndoo, na nitaivunja hadharani! Nilizungumza mpaka mlinzi akaja na funguo. Wasike alikuwa anacheka, anajipiga mapaja.

Ninayo jozi sasa, kushoto na kulia. Vyote vikubwa. Nimekwisha vijaza gazeti la leo, kavu, imara, wala sikupoteza muda kusoma kilichokuwa ukurasa wa mbele.

Basi ninyi wanachama wa klabu, na wewe Wasike wa kwanza: Jumamosi saa kumi njooni barabara ya Kimaka, kila mtu na viatu vyake mkononi, mjibu hoja zangu moja baada ya nyingine. Na asiyeweza kuja asininyamazie. Aje aseme kwa nini!