Siku Ishirini na Moja za Magige

Jumatatu, 4 Novemba 2002

Nimewaficha watu wote jambo moja kuhusu zile siku ishirini na moja. Nitaliandika humu kabla sijafa. Si leo. Leo nina hasira.

Daktari amenipima moyo. Umevimba. Amesema nipange mambo yangu. Nikamuuliza nimebakiwa na muda gani, akasema Mzee Hakimu, hayo ni ya Mungu. Nikamwambia nimekaa mahakama ya mwanzo miaka thelathini, shahidi anayekwepa swali ninamjua. Akainamisha kichwa. Labda wiki tatu, akasema, labda Krismasi.

Sawa! Mambo yangu yote yamepangika, isipokuwa moja. Linaitwa Magige.

Magige ni bwana mifugo mstaafu, anakaa Bunda. Padre mmoja alitufundisha chesi tukiwa shule ya misheni, na tangu siku hiyo sijamshinda Magige. Hata mara moja! Alinifunga siku ya harusi yangu. Alinifunga siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza, nje ya kanisa, juu ya boneti ya Landrova ya serikali. Sasa uzeeni tunacheza kwa intaneti, yeye Bunda, mimi hapa Musoma, na mashine inayotutunzia mchezo iko Uholanzi. Na safari hii nimembana! Ijumaa malkia wangu alimlenga mfalme wake. Magige ana hatua moja tu inayoruhusiwa: mfalme akimbilie kona. Akifika kona, mnara wangu unashuka. Mchezo umekwisha.

Hatua moja! Mtoto angeisogeza huku anatafuna muhindi. Lakini utaratibu unampa kila mtu siku ishirini na moja za kufikiri, na Magige anafikiri. Nilimwandikia ujumbe humo humo kwenye mashine: una hatua moja tu. Akajibu: bado ninaipima.

Ninajua anachopima. Mashine haijui kifo, inajua muda tu. Nikifa kabla sijashusha mnara, muda wangu utaisha na ushindi utaandikwa wake. Anacheza kwa mwendo wa jeneza langu!

Jumatano, 6 Novemba

Nimemuaga mke wangu Marcelina kwamba ninakwenda kliniki ya presha. Nimekwenda kwa Florian. Florian ana kompyuta nne ndani ya lile lililokuwa duka la ushirika. Pale anapokaa yeye na feni yake ndipo nilipopanga foleni ya sukari mwaka themanini na tatu, nikaambulia kiberiti.

Magige hajacheza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisitafute mpinzani mwingine. Nimetafuta! Kijana mmoja wa Norwei alinijibu kabla sijainuka kwenye kiti. Huyo hana ng'ombe? Hana misiba? Mama mmoja wa Brazili alinijibu mara mbili akapotea, na mpaka leo farasi wangu amesimama katikati ya ubao kama abiria aliyeachwa na basi. Mimi ninataka mtu anayeipokea hatua Jumatatu, akalala nayo, akagombana nayo, akajibu Alhamisi. Mtu wa mwendo huo nimempata mmoja tu duniani, naye ni yule mshenzi wa Bunda.

Lakini nimepata mpango. Magige anangoja nife. Akiamini sifi, kungoja kutakosa maana, atacheza. Dorkas, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya hapa Kamunyonge, hupeleka dagaa Bunda kila Alhamisi. Nimemwomba amfikishie Magige habari kwamba daktari alikosea, moyo wangu ni wa kijana. Dorkas akaitazama miguu yangu iliyovimba. Akasema, "Mzee Hakimu, uongo huu nitauuzaje?" Nikamwambia auuze kama anavyouzaga dagaa wa wiki iliyopita. Amecheka mpaka kanga imemdondoka. Amekubali.

Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 9 Novemba

Una tundu.

Dorkas amerudi. Anasema Magige aliposikia alikaa chini pale pale sokoni, akamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakamzunguka. Amenitumia jogoo. Na maneno haya: kwa kuwa Hakimu anaishi, basi hakuna haraka.

Hakuna haraka!

Marcelina ameuliza jogoo ni wa nini. Nimesema ni wa pongezi. Akauliza pongezi za nini, za kuvimba? Nimejifanya sisikii. Jogoo ana kifua kikubwa na anatembea taratibu sana. Ninamchukia.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekosea upande. Nilipaswa kufa!

Kwetu neno la mzee anayekata roho, akilisema mbele ya watu, halikataliwi. Baba yangu akiwa kitandani pale Butiama alimtaka shangazi arudishe mbuzi aliyemchukua miaka mingi nyuma. Mbuzi akarudi jioni ile ile, na mimba juu. Basi. Nitalala. Nitaita watu. Nitamwita Magige. Mbele ya wote nitasema neno langu la mwisho, nione kama ataendelea kuipima hiyo hatua yake.

Si uongo. Kufa ninakufa kweli, ninasogeza tarehe tu. Nimeahirisha kesi za watu miaka thelathini. Kuwahisha moja si dhambi.

Nimeanza kuugulia saa ya chakula cha mchana. Chakula kilikuwa sato wa kuchoma. Nimekula kwanza.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku kubwa! Ninaandika kwa kujificha chini ya blanketi, maana nyumba imejaa.

Padre alikuja asubuhi. Nimeungama yote, isipokuwa lile la siku ishirini na moja. Padre alikuwa na mgonjwa mwingine Bweri, sikutaka kumchelewesha. Amenipaka mafuta. Nilijisikia vizuri mno, ikabidi nifumbe macho ili nisionekane.

Mdogo wangu Mniko amekuja na pikapu kutoka Butiama. Hajanisalimia vizuri, ameanza kubishana na Marcelina nizikwe wapi. Yeye anataka Butiama, karibu na baba. Marcelina anataka hapa hapa, chini ya dirisha lake. Nimelala katikati yao. Mwishowe Marcelina akasema, "Shemeji, mwache kwanza afe." Wamechinja mbuzi wangu. Harufu ya maini ilinijia mpaka kitandani. Mimi nimepewa uji.

Jioni, Magige! Dorkas amerudi naye kutoka Bunda. Ameingia akiwa ameinama, maana mlango wetu ni mfupi na yeye ni mlima. Ameshika mkono wangu akalia. Machozi ya kweli, yameninyeshea mpaka kwenye kiwiko. Akasema, "Hakimu, unaniacha na nani?" Nilikaribia kumhurumia. Nikakumbuka ile boneti ya Landrova.

Nikamwita Clementi, katekista wetu, asogee awe shahidi. Nikasema neno langu la mwisho ni moja: Magige amsogeze mfalme. Clementi alidhani ninazungumzia Kristo Mfalme, akaanzisha wimbo. Wakaimba beti zote. Nikangoja. Nikarudia: mfalme, kona ya kulia, kwa Florian, kwenye kompyuta.

Magige akawaambia watu ninaweweseka. Nikasema siweweseki. Akasema kwa sauti ndogo kwamba bado ana siku nane. Hapo Dorkas akasimama. "Bwana Magige! Mwenzako anakata roho, wewe unahesabu siku?" Mniko, ambaye haijui chesi hata kidogo, akasema kama mzee anadai mfalme, apewe mfalme wake, mbona hata mbuzi wa baba alirudishwa. Wazee wote wakaguna kukubali. Magige akautazama mlango. Mlangoni walikuwa wamejaa akina mama.

Akasema kesho asubuhi.

Nimeshinda! Au karibu.

Ijumaa, 15 Novemba

Dorkas na Clementi wamempeleka Magige kwa Florian kama mshtakiwa. Umeme haukuwepo mpaka saa saba. Waliketi naye, mmoja kulia, mmoja kushoto. Umeme ulipokuja akasema amesahau neno la siri. Dorkas akamwambia alikumbuke. Akasema ni jina la ng'ombe, ila hajui yupi. Wamejaribu ng'ombe wake wote kwa zamu, na mmoja wa wale waliokufa ndiye aliyekubaliwa.

Mfalme yuko kona!

Dorkas aliponieleza nilipiga kelele ya furaha. Nikakumbuka ninakufa. Nikaigeuza ikawa ya maumivu. Wakaniletea uji mwingine.

Sasa tatizo. Zamu ni yangu, na siwezi kutoka! Akina mama wamelala kwenye mikeka mpaka kizingitini. Nimemwambia Marcelina ninahitaji kwenda kliniki ya presha. Akasema anayekufa hapimwi presha. Akaongeza, huku anakunja shuka, kwamba kliniki ya presha ni Jumanne, nami mwaka mzima nimekwenda Jumatano. Kisha akazima taa.

Magige hajarudi Bunda. Anasema haoni sababu ya kupanda basi mara mbili, atangoja mazishi. Amekaa uani anakula supu ya mbuzi wangu.

Kifua kinabana. Safari hii si maigizo. Nina ushindi mkononi na godoro mgongoni. Mungu wangu, hatua moja tu!

Jumamosi, 16 Novemba

Asubuhi nimemwita Mniko, nikamwambia nimekubali. Anipeleke Butiama nikafie nyumbani. Alifurahi mpaka akanibusu. Marcelina alinitazama tu kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama mashahidi waongo.

Wamenitandikia godoro kwenye pikapu. Wamepanda akina mama wanne, Dorkas akiwa mmoja wao, Clementi, Marcelina na Magige. Gari lilipokata kona kuingia barabara ya Butiama, nikainua kidole. Nikasema ninataka kuuona mji mara ya mwisho. Nani angekataa? Tukarudi mjini. Nikasema na ziwa. Tukaenda ziwani. Mawimbi yalikuwa mazuri, sikuyatazama. Nikasema sasa pale, kwenye lile duka la ushirika, nilikopanga foleni ya sukari.

Mniko akasema mzee anaaga foleni? Nikasema naam. Wakalishusha godoro chini ili wanitoe vizuri, kisha wakaniingiza ndani kwenye kiti cha plastiki, wanaume wawili na akina mama wawili, wote wakiimba. Florian alisimama kama ameona mzimu. Kwenye kompyuta ya pembeni alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa samaki. Alipoona kwaya akanipisha bila kuombwa.

Nikaandika neno langu la siri. Nikakosea. Nikaandika tena. Ubao ukafunguka polepole, mstari kwa mstari, kutoka juu. Malkia wangu. Kona. Mfalme wa Magige, mnene, amejibanza.

Nikaushusha mnara.

Mashine ikaandika kwa Kiingereza kwamba nimeshinda. Nikamwomba Clementi asome kwa sauti. Akasoma. Nikamwomba awatafsirie akina mama. Akatafsiri. Nikamwomba asome tena. Vigelegele! Walidhani nimepata salamu kutoka kwa mwanangu aliye ughaibuni, lakini vigelegele ni vigelegele, nimevipokea.

Magige akasogea. Akainama kwenye kioo, akaangalia kona ile muda mrefu, akakohoa, akavua kofia. Akasema, "Haya, Hakimu. Sasa nenda kwa amani."

Nikasema siendi popote. Nikasimama! Nikatembea mwenyewe mpaka mlangoni. Dorkas akapiga magoti akasema muujiza. Marcelina akasema muujiza gani, huyu anarudi kunisumbua. Lakini alinishika kiwiko, na hakukiachia mpaka nje.

Mniko akauliza, sasa Butiama? Nikasema siku nyingine, mdogo wangu. Akapanda pikapu yake, akaondoka kwa hasira, akatuacha pale na godoro. Basi tumerudi Kamunyonge hivi: mimi mbele, nimepakiwa kwenye baiskeli ya Florian, akina mama wanaimba, na Magige nyuma, amebeba kichwani godoro langu la kufia. Wapita njia walisimama. Mimi nilipunga mkono.

Jumatatu, 18 Novemba

Daktari amenipima. Moyo bado umevimba. Hajaniongezea hata wiki moja. Nikamwambia nimemshinda Magige. Akaandika kitu kwenye faili.

Magige amerudi Bunda jana. Mlangoni aliomba mechi ya marudiano. Leo Marcelina mwenyewe amenipeleka kwa Florian, akakaa kwenye benchi kusuka ukili wake, akasema yeye angalau anaijua hii kliniki.

Sasa nikiri, kama nilivyoahidi.

Utaratibu wa siku ishirini na moja hakuuweka Mholanzi yeyote. Anayeanzisha mchezo ndiye anayechagua siku, na aliyeanzisha ni mimi. Ilikuwa Februari mwaka jana. Magige alikuwa njiani kwenda kupasuliwa ngiri, na habari zote kutoka Bunda zilikuwa mbaya. Mashine ilikuwa na siku tatu, saba, kumi na nne. Nikaendelea kushuka kwenye orodha mpaka ishirini na moja. Nikajisemea, asiporudi, muda wake utaisha na ushindi utaandikwa wangu, bila jasho. Alirudi. Alipouliza kuhusu siku zile nikamwambia mashine ndiyo iliyopanga. Akasema basi mashine hiyo ni ya watu wenye huruma, wamemwachia mgonjwa nafasi ya kupona.

Huo ndio ukweli wote. Nimeuandika, ninajisikia mwepesi.

Leo mashine imeniuliza tena, kila hatua iwe ya siku ngapi. Nikafikiri sana. Juzi, njia nzima kutoka kwa Florian mpaka Kamunyonge, na godoro kichwani, Magige alikuwa anakohoa.

Nimechagua sitini.