Mgongo wa Mulume na Ushuhuda Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Asiransi, ile bima ya kazi, imekufa! Kiwanda cha chai kilikuwa kinamlipia mwanangu Mulume, ili siku akishindwa kazi asilale njaa. Sasa mgongo umekatika, hata ndoo hainui. Leo Ciza wa asiransi amekuja na pikipiki kusema hapana, ule ugonjwa ulikuwapo kabla ya kazi. Nani alimwambia? Mimi! Kabla Mulume hajaingia kiwandani, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda: Mungu amemponya Mulume mgongo. Nikaruka. Na Ciza ndiye alikuwa anapiga ngoma. Nyoka!

Mulume anasema bila asiransi atahamia Bukavu, shemeji yake amtafutie kazi ya kukaa dukani. Na batoto bote. Nani ataniita Koko, bibi yao, mlangoni?

Jumatano, 5 Machi

Nimemwendea Pasta Vénuste aufute ushuhuda. Akasema ushuhuda si mbuzi, haurudishwi sokoni. Nikamwomba basi aseme alikuwa Mulume mwingine. Akaniombea. Muda mrefu, kwa sauti. Majirani bote bamesikia.

Ijumaa, 7 Machi

Akili imenijia nikimenya mihogo! Nikamkamata Ciza njiani. Nikamwuliza: Mungu alimponya Mulume ama hapana? Kama alimponya, ugonjwa huu ni mpya, lipeni. Kama hakumponya, Jumapili weka ngoma chini, ubaambie bantu niliruka bure. Jasho likamtoka! Akasema ataniletea mkubwa wake. Mimi nimweleze tu kwamba Mulume akisha kupona hakuumwa tena mpaka kiwandani.

Jioni bajukuu bamelala mapajani mwangu. Mguu ukafa ganzi. Sikusogea.

Jumanne, 11 Machi

Mkubwa amekuja. Maman Mukandori, mpole kabisa. Nikasema Mulume hakuumwa hata kidogo! Akasema basi nilimlea vizuri. Ee, moyo ukanifunguka. Nikamweleza: mvua ikinyesha nilimkanda na maji ya moto, akibeba mzigo nilimkanda, kila jioni, hata kabla kiwanda hakijamjua. Mama gani mwingine angefanya hivyo? Ciza akafumba macho. Mulume akatoka nje.

Asiransi imekufa mara ya pili.

Jumamosi, 15 Machi

Mulume na batoto bamevuka kwenda Bukavu. Nimesahau nikakaanga visamaki vya sambaza vya nyumba nzima. Mulume aliniaga akicheka, eti, Maman, ungezaliwa bubu tungebaki bote hapa. Nikamchapa. Kisha sikutaka kumwachilia shati.

Lakini kuna habari njema! Sandrine, muke wake, amepiga simu: mwenye duka amekubali kumwandika Mulume, na asiransi juu. Jumatatu ninavuka. Lazima bamweleze yule bwana mgongo wa mwanangu vizuri, tangu kuzaliwa. Na nani anaujua kama mimi?