Dume la Kabasa na Mapafu ya Bi Harusi

Jumatano, 4 Juni 2025. Kamunyonge, Musoma.
Amefika. Dume la nguruwe kutoka kwa Kulwa wa Kabasa, Bunda. Ameshuka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, saa tisa alasiri, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Mgongo kama meza ya parokia. Masikio kama majani ya mgomba. Aliponitazama, nilijikuta nimemwamkia shikamoo. Nimempa jina Mheshimiwa.

Ni wa kuazima, lakini hilo halimhusu mtu. Tarehe 21 kuna maonesho ya wafugaji Butiama. Mwaka jana jirani yangu Boniphace alirudi na cheti, picha yake ikabandikwa ofisi ya kata. Mwaka huu zamu yangu.

Mke wangu Wegesa kauliza dume atalala wapi. Nikasema na Bi Harusi, nguruwe jike wake, pamoja na watoto wake sita. Wegesa aliachiwa Bi Harusi na marehemu mama yake, kwa hiyo huwaga anaongea naye kama ndugu. Akasema mgeni hukaa kwanza barazani. Nikamwambia huyu si mgeni, ni heshima.

Alhamisi, 5 Juni.
Boniphace kaja kuchungulia juu ya ua. Akasema nguruwe aliyetoka mbali huwaga anatengwa kwanza. Nikamjibu kwamba wivu nao hutengwa. Akaenda zake.

Mheshimiwa kakohoa mara mbili. Vumbi la barabara. Upepo wa ziwani ni wa baridi, hivyo nimelizungushia banda turubai pande zote. Hata nzi hapiti. Ndani kuna joto la kuatamia mayai. Kazi safi.

Jumamosi, 7 Juni.
Watoto wote sita wanakohoa. Kikohozi kikavu, wanakipokezana kama kwaya. Nimechoma majani ya mkaratusi humo ndani kuwafungua vifua. Sasa nakohoa na mimi. Mheshimiwa peke yake anakula bila shida. Kumbe damu bora inaonekana.

Jumapili, 8 Juni.
Tumetoka misani tukakuta mtoto mmoja amekufa, puani povu lenye damu. Bi Harusi amekaa kitako kama mbwa, mdomo wazi, tumbo linapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi.

Wegesa hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alichota maji, akamlowesha pua, kisha akasema taratibu, "Baba Nyangi, mama yangu aliniachia kitu kimoja tu kinachopumua."

Amempigia simu afisa mifugo, Daktari Prudence. Akimwona Mheshimiwa atamzuia kwenda maonesho. Nitamficha kwenye bafu la nje na kufungulia redio.

Jumatatu, 9 Juni.
Daktari kafika saa tatu. Kabla ya salamu kuisha akauliza nani anakoroma bafuni. Nikasema baba mkwe. Hapo Mheshimiwa akatoka akiwa ameuvaa mlango shingoni.

Daktari akauliza dume katoka wapi. Nikasema kazaliwa hapa hapa. Wegesa akasema, "Kabasa. Jumatano."

Kisha nikaona mambo ambayo sikutegemea kuyaona duniani. Daktari alimpasua yule mtoto aliyekufa. Pafu moja lilikuwa la waridi, jepesi kama sifongo. Jingine jeusi, gumu kama ini. Akakata vipande viwili, akavitia kwenye ndoo ya maji. Cha waridi kikaelea. Cheusi kikazama moja kwa moja. Tulisimama watatu tukitazama ndoo.

Akanivalisha chombo chake cha kusikilizia, akakiweka ubavuni mwa Bi Harusi. Kushoto nikasikia upepo, kama mtu anapumua ndani ya nyumba kubwa. Kulia mkwaruzo wa viatu juu ya majani makavu, halafu kimya. Miaka kumi nimemlisha huyu mnyama na ukoo wake. Sikujua kama ana upepo ndani. Machozi yalinitoka. Nikasingizia mkaratusi.

Kasema ni homa ya mapafu ya kuambukiza. Mkubwa anaweza kuibeba kooni akiwa anang'aa, akawapa wengine pua kwa pua. Na aliyefunga hewa kwa turubai, kasema, aliisaidia. Wote wamechomwa sindano. Kachukua sampuli kuhakikisha si ile homa nyingine inayomaliza mabanda mazima. Dume atengwe. Nguruwe yeyote wa mtaa huu asitoke wala kuingia mpaka atakaposema.

Jumanne, 10 Juni.
Kafa mtoto wa pili. Asubuhi Boniphace kasimama nje ya ua na msumeno. Nilijua amekuja kucheka. Hakucheka, wala hakukanyaga ndani, kwa ajili ya nguruwe wake. Kanipitishia msumeno na mbao juu ya ua, akanielekeza pa kukata madirisha. Wegesa hajatoka bandani tangu jana ila kuchota maji.

Ijumaa, 13 Juni.
Bi Harusi kasimama! Kwanza miguu ya mbele, ikatetemeka, akangoja, kisha ya nyuma. Akanywa uji wa pumba, sufuria nzima. Wegesa kaweka shavu kwenye ubavu wake akasikiliza bila chombo chochote. Nilivua kofia.

Jumatano, 25 Juni.
Daktari katufungulia. Majibu ya sampuli ni mazuri, wanne waliobaki hawakohoi tena. Ndipo nikatambua kwamba tarehe 21 Boniphace naye hakwenda Butiama. Zuio lilimkamata pamoja nami. Hakunitamkia hata siku moja. Nilimfuata kumwomba radhi, akaniuliza tu kama madirisha yanafunguka vizuri. Sikuwahi kujua naishi jirani na mtu wa namna hii.

Nimeapa mbele ya Wegesa, mkono juu ya Biblia: nguruwe mgeni atakaa mwezi mzima peke yake kwanza. Daktari alikuwa shahidi. Kiapo ni kiapo.

Kesho naamkia Mwisenge. Kuna fundi cherehani anauza bata mzinga dume, inasemekana mkia wake ukifunguka unaziba mlango. Nitamweka moja kwa moja na kuku wa Wegesa, azoeane nao. Nimekisoma tena kiapo changu neno kwa neno. Bata mzinga hawamo.