Nilivyomsingizia Bibi Malaika

Leo nimejiaibisha ukweni, na naandika nikiwa na hasira. Nimemkasirikia Fadhili, ambaye yumo humu kwenye kundi na ndiye aliyenitumia ile video. Nimeyakasirikia majitu. Zaidi ya yote nimejikasirikia mwenyewe, ila acheni nianze na Fadhili.

Mnajua mimi ni bwana shamba huku Ukata, na mnajua nataka kumwoa Hyasinta. Barua ya posa ilishapokelewa. Leo Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwao, na baada ya sala baba yake, Mzee Kosmas, angetaja tarehe ya wazee wangu kuja kutoka Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kukaa, kuitikia amina na kunywa chai. (Hata mbuzi angeiweza.)

Mwenyekiti wa jumuiya akasema leo mgeni wetu msomi atuchagulie somo, lolote lile, atufafanulie. Lolote. Kuna upendo, kuna subira, kuna kusamehe. Mimi nikachagua majitu. Juzi nilikuwa nimeitazama video ya Fadhili saa nzima, mhubiri amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anaeleza jinsi wana wa Mungu, yaani malaika, walivyoshuka zamani kabla ya gharika, wakawatamani binti za wanadamu, wakazaa nao majitu. Nikaona hapa nitawashangaza.

Nilianza vizuri. Nikasema watu wa kale waliamini mwanamke ni udongo tu, mtoto mzima yumo ndani ya mbegu ya baba. Wakaitikia kwa vichwa. Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikasema ndiyo maana wa kale walipomwona mtoto amemzidi baba yake kimo, walijua mbegu si ya nyumba ile, kuna kiumbe ameshuka kutoka juu. Nikasema uzao ule upo hata leo. Kisha nikapaza sauti kama yule mhubiri: "Ukimwona mtu mrefu, na baba yake alikuwa mfupi, kamuulize mama yake vizuri."

Nikasubiri amina. Haikuja.

Sasa niwaeleze ile nyumba. Mzee Kosmas huinama kila mlango anaoingia, hata wa kanisani. Ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, imetundikwa picha ya marehemu baba yake amesimama kando ya mti wa kahawa, na mti umemzidi kimo. Na mama yake Mzee Kosmas, Bibi Apolonia, alikuwa ameketi kwenye mkeka hatua mbili kutoka miguuni pangu. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nimekula ugali mara ngapi chini ya picha ile.

Hyasinta akainamia sakafu. Nikajaribu kurekebisha, nikasema bila shaka zipo nyumba ambazo jambo hili halizihusu. (Ndipo macho yote yakapanda kwenye picha.)

Bibi akainuka taratibu. Siku zote huniita "mume wangu", ndio utani wetu. Leo ameniita kwa cheo.

"Bwana shamba," akasema, "huyo malaika alipita mlango upi? Maana mimi humu nimeishi na mume mmoja."

Nikamjibu shikamoo. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Hakuitikia. Akawageukia wanajumuiya, akawakumbusha kwamba msimu uliopita niliwaita wote shuleni, nikawafundisha kuwa mbegu chotara ya mahindi ina baba na ina mama, na ukubwa wa gunzi unaweza kutoka upande wowote. Alikumbuka hadi rangi ya mifuko. Halafu akasema baba yake mzazi, kule Mpepai, alikuwa anaezeka nyumba bila kupanda ngazi.

"Mahindi yana mama," akaniambia. "Mimi ndiye udongo?"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akafuata, kisha nyumba nzima. Mwenyekiti alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanaruka. Mtaalamu wa mbegu wa kata nzima nimefundishwa mbegu, mbele ya wakulima wangu mwenyewe. Nikasema hapana Bibi, nikakaa. (Kwenye kiti ambacho mama mmoja alikuwa ameshakikalia.)

Tarehe haikutajwa. Chai ilipitishwa, ikanipita.

Mzee Kosmas akanisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilijua nafukuzwa. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia kwa kiganja. Akasema maneno yale si mageni kwake. Alipokuwa mtoto, baba zake wadogo walimwita wa kuokotwa, na baba yake alipofariki walitaka kumnyima shamba la kahawa kwa hoja hiyo hiyo ya kimo. Mama yake hakuwahi kuwajibu. Alishika jembe akalima, akanyamaza, na watu wakachukulia kimya chake kuwa ni kukiri.

"Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia akijibu," akasema.

Kisha akaniambia Jumamosi ijayo nirudi, nimwombe mama yake radhi mbele ya watu wale wale, na niifundishe upya habari ya mbegu, pande zote mbili. Nikimaliza, yeye ataangalia kalenda.

Hasira ilinipanda njia nzima hadi hapa nilipo. Yule Bibi ameubeba uvumi huo nusu ya umri wake, na mimi, mtu wa vyeti, nimeuokota tena na kumtupia usoni kwa sababu tu mtu mwenye miwani ya jua alisema. Hyasinta nimempigia mara tano, hapokei. Sasa nimekaa naandika nitakachosema Jumamosi, na nimeshachana karatasi tatu.

Anayetaka kucheka atoke kwanza kwenye kundi, akacheke huko nje.